Glavu ya Mkono wa Kulia

Mzee Melchior hakuwa na mke tena, wala magego ya kutafunia nyama, wala mgeni wa Jumapili. Hakuwa na subira kwa fundi anayekata ngozi kabla ya kuipapasa. Na katika karakana ya chini ya ghorofa, pale Norsborg, Uswidi, hakuwa na salamu kwa Herménégilde, Mkongo wa Bukavu aliyewamba ngoma upande wa pili wa meza, ambaye naye hakuwa na salamu kwake.

Vuli ile ya mwaka 2008 chama cha wapangaji kilitangaza kuwa nusu ya chumba itakuwa stoo ya baiskeli. Angebaki fundi mmoja tu, mwenye kazi ya kudumu. Tangu hapo wawili hao walitazamana kama paka juu ya ukuta mmoja.

Kazi ilimjia Melchior kupitia kwa binti yake Domina, aliyefundisha watoto besiboli katika klabu moja ya mjini. Alileta glavu kuukuu ya kudakia mpira, iliyopasuka kiganjani.

"Tushonee mpya kwa mfano huu, baba. Ikitufaa, klabu itakupa kazi ya glavu zetu zote, kwa maandishi."

Melchior hakuwa mtu wa kukurupuka. Elimu yake aliipata usiku, baada ya zamu za kiwanda cha ngozi Morogoro, na Kiswidi chake vivyo hivyo. Akaenda maktaba, akasoma, akarudi na la kutambia.

"Wachezaji wa kwanza walidaka kwa mikono mitupu, vidole vikapinda kama tangawizi," alimwambia Herménégilde. "Aliyethubutu kuvaa glavu alizomewa. Akachagua yenye rangi ya mwili wake ili isionekane. Ilikuwa glavu ya kazi tu, imekatwa ncha za vidole. Huu wavu wa kati ya gumba na shahada ulikuja miaka mingi baadaye."

"Umemaliza, profesa?" Herménégilde alikaza kamba ya ngoma. "Shona basi. Miye ngoma yangu haina historia, ina sauti."

Melchior aliijaribu ile glavu kuukuu, ikamwingia mkono wa kushoto. Mwenye glavu hii ni wa mashoto, maskini, aliwaza. Maana kitu ukirushiwa umepewa, na mtu aliyelelewa hupokea kwa kulia, hata kikiwa kibiriti. Akaigeuza karatasi ya vipimo, glavu mpya ivaliwe kulia, iwe ya watu wa kawaida.

Ng'ambo ya meza, mkono wa Herménégilde ulisita juu ya ngoma. Kisha ukaendelea.

Melchior alikata, akaloweka, akapiga nyundo, akavuta uzi wenye nta hadi mishono ikalala kama punje za mtama. Hakuwahi kushona kitu kizuri kama kile, naye alijua.

Domina alipokuja aliinusa kwanza, akatabasamu. Akaingiza mkono wa kushoto. Gumba likakosa pa kwenda.

"Pappa, nej," alinong'ona. Kila alipopata habari mbaya alirudi kwenye Kiswidi. Kisha akasema taratibu, "Hapana. Anayerusha kwa kulia hudaka kwa kushoto, baba. Hii ni ya mtoto wa mashoto, na mwaka huu hatuna hata mmoja. Waandikie klabu wewe mwenyewe. Mimi nikikuombea watasema ni upendeleo."

Akaondoka, akiacha glavu na mpira mezani. Herménégilde alicheka hadi akaishikilia ngoma yake asianguke.

"Mutu wa vitabu! Vidole vya wafu umevisoma, mkono wa binti yako hukuuona!"

"Ulijua?"

"Tangu ulipogeuza karatasi."

"Na ukanyamaza."

"Ungekuwa miye, ungesema?"

Melchior alitafuta uongo, akaukosa. Akavaa glavu, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Rusha."

Herménégilde aliuchukua mpira, akaurusha kwa chuki yote ya vuli ile. Ukatua kiganjani kwa mlio wa kofi. Maumivu yakapanda hadi kiwikoni, lakini glavu haikuuachia.

"Haya, rudisha!"

Hapo ndipo Melchior alipokwama. Mkono wake mwema ulikuwa umefungiwa ndani ya ngozi. Akarusha kwa kushoto. Mpira ukadondoka karibu na viatu vyake, ukabingirika chini ya cherehani. Hakuna aliyecheka.

Herménégilde akaja, akaivua ile glavu mkononi mwake bila kuomba, akauvuta mshono, akaugeuza, akauvuta tena.

"Mshono huu..." alisema, wala hakumaliza. "Harufu ya ngozi yako inaniumiza kichwa." Akarudi kwenye ngoma zake.

Barua ya kwanza ililaumu mfano. Ya pili ilimlaumu Domina. Melchior alizichana zote mbili, akaandika ya tatu:

"Nimekosea mkono, sikukosea mshono. Sisi tumefundishwa kupokea kwa kulia. Mchezo wenu hupokea kwa kushoto, ili mkono wa kulia ubaki na la kujibu. Niruhusuni nishone nyingine. Safari hii itajaribiwa kwanza, kwa kuwa yupo anayejua kurusha katika karakana yangu."

Akalitazama neno la mwisho. Akalikata, akaandika "yetu". Lilimkera kama mwiba wa samaki kooni. Akaliacha.

Hakuamini gundi ya bahasha; akaifunga kwa gundi ya ngozi, akaikandamiza kwa nyundo. Penye sanduku la njano la posta, karibu na kituo cha treni, kiganja chake cha kulia kilikuwa bado kinawaka. Akaitoa barua kwa mkono wa kushoto, akaisukuma ndani, akaiachia.