Nani Alikula Ndengu za Gredi ya Tano?

Mwalimu Kaluki Mbithi alikuwa amefundisha sayansi kwa miaka ishirini na sita katika shule ya msingi moja huko Kivaa, na katika miaka hiyo yote aliogopa vitu viwili tu: radi, na tabuleti za shule. Radi alizaliwa akiiogopa. Tabuleti alianza kuziogopa siku zilipoletwa, kwa sababu asubuhi ile ile moja ilimponyoka mkononi ikaanguka kifudifudi sakafuni, kioo kikapasuka vipande vipande. Alitakiwa aandike maelezo. Aliandika kurasa mbili, akaomba msamaha mara nne, na tangu hapo hakuzigusa tena. Alizifungia kabatini, akawa anazipangusa vumbi kila mwisho wa muhula akiwa ameshika pumzi.

Kwa hiyo mwalimu mkuu alipompigia simu likizo ya Aprili na kumwambia kuna mafunzo ya siku nne kule Masinga, ya kutumia vifaa vya kidijitali darasani, Kaluki alidhani amekosea namba.

"Si ni Mwalimu Wagaki ndiye wa mambo hayo?" aliuliza.

"Wagaki amejifungua jana. Mtoto msichana."

"Mungu asifiwe! Basi ngojeni atoke likizo ya uzazi."

"Kaluki," mwalimu mkuu akasema taratibu, "jina lako nishalituma."

Akaenda. Alifunga safari kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Mkufunzi aliitwa Gatimu, kijana mrefu ambaye wazazi wake walihamia Yatta kutoka Murang'a akiwa bado mchanga. Kikamba chake kilinyooka kuliko cha baadhi ya Wakamba waliokaa mbele yake. Walimu walikuwa ishirini na watatu, na Kaluki alichagua kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Alitarajia kuambiwa abonyeze hapa na pale. Badala yake Gatimu aligawa karatasi.

"Leo asubuhi hakuna kuwasha kitu," alisema. "Usiniambie unataka kujifunza tabuleti. Niambie ni somo gani unalifundisha kila mwaka, na kila mwaka linakushinda."

Si swali ambalo mwalimu huulizwa mbele ya walimu wenzake. Kaluki alitafuna kofia ya kalamu kidogo, kisha akaandika: *Kuota kwa mbegu.*

Gatimu alipofika kwake aliinama. "Hebu nieleze, Mwalimu."

"Kila mwaka tunapanda ndengu kwenye mikebe," Kaluki alisema. "Ijumaa watoto wanaenda nyumbani, ndengu ni ndengu tu. Jumatatu wakirudi, imeshaota. Kilichofanyika katikati hakuna aliyekiona. Nawaambia mzizi hutoka kwanza. Wananiitikia ndiyo, Mwalimu. Nikiwapa mtihani wanachora majani kwanza, mzizi mwisho, kama mkia."

Gatimu alicheka, lakini si kwa dharau. "Basi tuko na kazi," akasema.

Mchana walipowasha tabuleti, kitu cha kwanza Kaluki alichokiona kwenye kioo kilikuwa mama mmoja mwenye paji la uso kubwa aliyekunja ndita. Alishtuka. Ilimchukua muda kutambua kwamba mama huyo ni yeye mwenyewe, kwamba alikuwa ameigeuza kamera. Mwalimu aliyekaa karibu alicheka hadi akashika meza, na Kaluki, alipoona tabuleti haikulipuka wala hakuna aliyemletea karatasi ya maelezo, akacheka pia.

Siku ya tatu ndiyo iliyomgeuza. Gatimu aliwaonyesha kwamba kamera inaweza kuachwa peke yake, ikapiga picha moja kila dakika, halafu ikaziunganisha zote ziwe video fupi. Akawaambia kila mtu atafute kitu kinachokwenda polepole mno kuonekana kwa macho. Kaluki alikwenda uani akaielekeza tabuleti yake kwenye kivuli cha mlingoti wa bendera, akaiegemeza kwenye jiwe, akaiacha tangu chai ya saa nne hadi chakula cha mchana.

Alipoicheza ile video ukumbini, kivuli kilianza kutembea. Kilijikokota juu ya mchanga, kikafupika, kikapita juu ya jiwe, kikapinda.

"Aiya!" Kaluki alipiga ukelele. Ukumbi mzima uligeuka. "Kinatembea! Kinatembea chenyewe!"

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewaambia watoto kwamba kivuli husogea. Hakuwahi kukiona kikienda. Aliirudia ile video mara saba, na jioni hiyo alipomsimulia mumewe alisimama katikati ya jikoni akazunguka mwenyewe kama kivuli, ugali ukashika chini.

Gatimu aliahidi kumtembelea kila mwalimu shuleni kwake wiki ya tatu ya muhula, aone kilichofanyika. Kaluki alichagua Jumatatu.

Shuleni mambo hayakuwa rahisi hivyo. Naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Masila, hakuwa na imani na vitu vya kioo. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili mwenye sauti nzito, aliyekaa kwenye nyumba ya walimu nyuma ya madarasa na kufuga kuku wa kienyeji aliowapenda kama wajukuu. Kila mmoja alimfunga kitambaa cha bluu mguuni, wasichanganyike na wa watu. Kila mara sukuma wiki ya shamba la shule ilipodonolewa, lawama zilimwendea, na kila mara alijibu vile vile: "Kuku wangu wako na adabu. Hawatoki uani. Hao ni wa kijiji."

Alipomwona Kaluki akitoa tabuleti kabatini, alitikisa kichwa. "Kaluki, mtoto wa hapa anahitaji sinema ya nini ndio ajue ndengu? Mpe jembe."

"Jembe ashapewa, Mwalimu," Kaluki alimjibu. "Wacha sasa nimpe macho."

Ijumaa alasiri, Gredi ya Tano nzima ilisaidia kutega kamera. Walitandaza pamba iliyoloweshwa kwenye sahani ya kioo, wakapanga juu yake ndengu kumi. Sahani wakaiweka ndani ya katoni iliyofunguliwa upande mmoja, tabuleti ikaegemezwa kwenye vitabu mbele yake, chaja kwenye soketi. Dirisha moja lilikuwa halina kioo, wakaliziba kwa karatasi ya manila na gundi. Kisha Kaluki akafunga mlango, akaenda nyumbani, na mwisho wa wiki ule wote akili yake haikuondoka kwenye ile sahani. Jumapili kanisani, padre alipomaliza mahubiri, Kaluki hangeweza kukuambia yalihusu nini.

Jumatatu alifika mapema, akafungua mlango, akasimama kizingitini.

Karatasi ya manila ilikuwa sakafuni. Pamba ilikuwa imechanwa na kutawanywa. Sahani ilikuwa tupu, hakuna hata ndengu moja. Tabuleti tu ndiyo iliyosimama pale pale ilipoachwa. Na kabla hajajua afanye nini, alisikia pikipiki ya Gatimu langoni, na sauti ya Mwalimu Masila ikimkaribisha mgeni.

Walipoingia na kuketi nyuma, na watoto thelathini na wanane wakaketi mbele, Kaluki alikuwa ameunganisha tabuleti na projekta. Hakuwa amepata nafasi ya kutazama chochote. Angeweza kusingizia stima imepotea. Aliliwaza hilo kwa muda wa pumzi moja, akaliacha.

"Watoto," alisema, "ndengu zetu haziko. Nimepata sahani tupu. Sijui kilichofanyika, na video sijaitazama. Tutaitazama pamoja."

Minong'ono ikapita darasani. "Ni panya," mmoja akasema. "Ni wale ndege wa mtama," akasema mwingine. Mwalimu Masila alikunja mikono kifuani kwa utulivu wa mtu aliyeyatabiri yote.

Video ikaanza. Ndengu kumi za kijani zilikaa kimya juu ya pamba. Giza likaja, likaondoka, ukawa mchana wa Jumamosi. Ndengu zilikuwa zimevimba. Moja ikajitikisa. Ngozi yake ikachanika ubavuni, na kitu kidogo cheupe kikachungulia nje, kikarefuka, kikainama kutafuta pamba.

"Mzizi!" akapiga kelele msichana mmoja wa mstari wa mbele, Ndinda, ambaye kwa kawaida hunyoosha mkono hadi bega limchoke. "Mwalimu, ni mzizi! Umetoka mbele ya kila kitu!"

"Na ile ingine!" "Na ile ya kando!" Moja baada ya nyingine ndengu zilipasuka, mizizi ikapinda chini, na kila ilipopinda darasa lilishangilia kama liko uwanjani. Giza likaja tena, likaondoka. Jumapili. Mizizi ilikuwa mirefu sasa, na ndengu mbili zilikuwa zinaanza kujiinua kutoka kwenye pamba, kama mtu anayeamka kwa viwiko.

Ghafla mguu mmoja mwembamba ukakanyaga katikati ya picha.

Mguu ukatoweka. Likaja jicho, jicho la mviringo, la rangi ya chungwa, kubwa ukuta mzima. Likaja domo. Ndengu kumi zikawa saba. Saba zikawa tatu. Pamba ikaruka. Kisha mwizi akageuka, akajionyesha mzima mzima: kuku mweusi, mnene, shingo haina manyoya.

"Mwalimu," Ndinda akasema polepole, akiwa amesimama, "huyo kuku ako na kitambaa cha bluu."

Vichwa thelathini na vinane viligeuka nyuma kwa pamoja. Gatimu alipatwa na kikohozi akafunika mdomo. Kaluki hakujua atazame wapi.

Mwalimu Masila aliitazama ile picha ukutani kwa muda mrefu. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kitambaa kilikuwa bado ni cha bluu.

"Huyo," alisema mwishowe, "ni wangu."

Mabega yakaanza kumtikisika. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, na kilipofika kinywani kilikuwa kikubwa hivi kwamba Gredi ya Nne, ng'ambo ya ukuta, walinyamaza kusikiliza. Basi darasa zima likapasuka. Watoto walicheka wakilaliana juu ya madawati. Kaluki alicheka hadi akajifuta machozi kwa kifutio cha ubao, akapaka chaki usoni, wakacheka zaidi.

Walipotulia, hofu yote ilikuwa imemtoka Kaluki. Akauliza, "Nini kilitoka kwanza?"

"Mzizi!" wakajibu kwa nguvu ya kutikisa mabati.

"Halafu?"

Hapo wakagawanyika. Wengine walisema majani, wengine walisema shina, Ndinda akasema shina litatoka limepinda kwa sababu zile mbili zilikuwa zinainuka kwa mgongo. Wakabishana, wakakimbilia ubaoni kuchora, wakafutiana michoro. Hakuna aliyejua, kwa maana kuku alikuwa amekula mwisho wa hadithi, na Kaluki hakuwaambia.

"Tutege tena," Ndinda akasema. "Lakini tutumie gilasi ndefu, Mwalimu, ndengu zikae ubavuni. Tuone mzizi ukienda chini kabisa. Na tufunge hilo dirisha."

"Dirisha niachieni mimi," ilisema sauti nzito kutoka nyuma.

Gatimu alipoondoka mchana ule, alimshika Kaluki mkono kwa mikono miwili. "Mwalimu, nimeona masomo mengi mwezi huu," alisema. "Hili nitawasimulia wenzangu hadi wanichoke."

Ijumaa iliyofuata Mwalimu Masila alikuja na wavu wa waya, nyundo na misumari, akaziba dirisha mwenyewe. Alipomaliza hakuondoka. Alisimama karibu na tabuleti, akaigusa kwa ncha ya kidole.

"Sasa mimi wa Kiswahili," akasema kwa sauti ya chini, "hii ingenisaidia na nini?"

"Ni somo gani hukushinda kila mwaka?" Kaluki akamuuliza.

Masila alifikiri. "Kusoma kwa sauti. Wanasoma kama wanakimbizwa na nyuki. Nikiwaambia, hawaamini."

"Basi warekodi, wajisikie wenyewe. Keti hapa." Akamvutia kiti. Kidole cha Masila kilikuwa kinene, kikabonyeza vitu viwili kwa pamoja, kamera ikageuka, na naibu wa mwalimu mkuu akajiona kwenye kioo na paji lake la uso. Kaluki alimwacha ashtuke kwanza, ndipo akamwonyesha.

Wiki mbili baadaye walikuwa walimu watano waliobaki kila Alhamisi baada ya masomo, kila mmoja na somo lake linalomshinda, na Kaluki akiwa katikati yao, mikono myeupe kwa chaki.

Siku ya wazazi, Gredi ya Tano walionyesha video ya pili, ile ya gilasi. Ukumbi ulijaa watu wa ndengu, watu waliopanda na kung'oa na kupepeta ndengu tangu utotoni. Mzizi ukashuka kando ya kioo. Shina likainuka limepinda, likavuta kichwa chake kutoka ardhini, likanyooka, likafungua majani mawili.

Nyanya yake Ndinda, Syombua, alikuwa amekaa mbele na kitenge kipya. Video ilipoisha aliweka mikono magotini.

"Miaka hamsini nalima hii kitu," alisema. "Naiwacha kwa mchanga, narudi naipata imesimama. Sikujua inatoka imeinama hivyo, kama mtu anasalimia." Akamgeukia Kaluki. "Mwalimu, rudisha. Nataka kuiona tena."

Kaluki akairudisha mwanzo.