Gari Lililozimwa kwa Simu

Gari lilizimika katikati ya mteremko, bila kukohoa, bila kutetemeka. Usukani ukawa mzito ghafla. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, nikalivuta pembeni hadi tairi za kushoto zikaingia kwenye majani, kisha nikageuza ufunguo. Kimya. Nikageuza tena. Taa za dashibodi ziliwaka zote, mafuta yalikuwa zaidi ya nusu, betri ilikuwa nzima. Mimi ni fundi; si wa magari, wa mashine za eksrei, lakini najua tofauti kati ya kitu kilichoharibika na kitu kilichoambiwa kisifanye kazi.

Na siku yenyewe ndiyo hiyo! Mdogo wangu alikuwa amelazwa katika mji wa mbele, akisubiri kuingizwa chumba cha upasuaji mchana ule ule. Asubuhi alinipigia akasema, "Dada, sitaki kuingia mle kabla sijakuona." Wazazi wetu walikwisha kufariki, tumebaki wawili. Nilikuwa tayari barabarani, naelekea hospitali nyingine kutengeneza mashine. Nikawapigia nikawaambia watanisubiri mpaka kesho, na nilipofika njia panda, badala ya kushika kulia nikashika kushoto.

Hapa lazima niseme habari ya magari, maana bila hayo hutaelewa kwa nini mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Miaka ile nilikuwa nashinda safarini. Mume wangu wa wakati ule alikuwa na rafiki aliyesoma naye, mwenye kampuni ya kukodisha magari yenye tawi karibu kila mji, na tangu tuoane mipango yote ya magari aliifanya mume wangu. "Wewe nenda tu," alikuwa akisema, "gari utalikuta." Na kweli nililikuta. Wenzangu kazini walinionea wivu waziwazi. Waume wao hata kuwasindikiza hadi kituoni ilikuwa shughuli.

Nimeendesha magari ya kila namna. Kulikuwa na lile dogo jeupe lililonuka manukato ya mtu mwingine, mpaka nguo zangu zikanuka na nikapokewa hospitalini kwa macho ya ajabu. Kiti chake kilikuwa kimesogezwa mbele kwa ajili ya mtu mfupi kikagoma kurudi, nikaenda safari nzima magoti yakigombana na usukani. Kulikuwa na lile la kijivu lililokuwa likipiga kelele za mkanda hata kwa begi la vifaa lililokaa kiti cha pembeni. Ikabidi nilifunge begi mkanda, na nikajikuta nalisemesha. Kulikuwa na lile ambalo redio yake ilinasa kituo kimoja cha matangazo ya vifo na haikuzimika, nikawalilia watu nisiowajua kutoka mji hadi mji. Na kulikuwa na lile refu, jeusi, ambalo mhudumu alilileta mlangoni akatazama nyuma yangu, akauliza, "Dereva yuko wapi, mama?" Nikamwambia anamtazama. Akaenda pembeni akapiga simu kwanza, ndipo akanipa ufunguo. Nilidhani anampigia bosi wake.

Gari la kukodi halikuzoei. Kila safari unaanza upya: kioo, kiti, wameficha wapi swichi ya taa. Niliyalalamikia sana. Lakini niseme ukweli, niliyapenda kupita kiasi. Nyumbani nilikuwa mke wa mtu na kazini nilikuwa "yule mama wa eksrei," ila mle ndani, vioo vikiwa vimepandishwa, sikuwa wa mtu yeyote. Niliimba vibaya kwa sauti kubwa. Nilisimama nilipotaka kusimama, kwenye kivuli, karibu na daraja, nikavua viatu nikalala kidogo. Hakuna aliyejua. Ndivyo nilivyoamini.

Jioni nikirudi, mume wangu alikuwa akiniuliza huku anavua saa yake, "Pale darajani kulikuwa na upepo mzuri?" Nilidhani nilimwambia nikasahau. Siku nyingine alisema, "Leo ulikimbiza gari sana," nikacheka nikajibu kwamba ana mapepo. Nikaenda kuwasimulia wenzangu kwamba mimi mume wangu ananijua hata nikiwa mbali. Nilijisifu, tena mbele za watu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote.

Basi pale mteremkoni niliwapigia wenye gari. Akapokea binti wa kaunta, sauti tamu kabisa.

"Gari halina tatizo, mama. Limezimwa."

"Limezimwa na nani?"

"Na sisi, hapa ofisini. Magari yetu yote yana kidude chini ya dashibodi. Aliyelikodi anaunganishwa kwenye simu yake, anaona linakokwenda. Akiomba lizimwe, tunalizima."

"Aliyelikodi ni mimi. Nimekaa ndani yake."

"Hapana, mama," alisema, bila ubaya wowote, akinisaidia kuelewa. "Wewe ni dereva tu."

Hapo hapo simu ya mume wangu ikaingia juu ya ile.

"Hiyo siyo njia ya kazini," alisema.

Hakufoka. Laiti angefoka. Alizungumza kwa upole, kama anavyozungumza mtu na mtoto aliyepanda juu ya meza. Ugomvi wake na mdogo wangu ulikuwa wa zamani kidogo: mdogo wangu alikuwa ameolewa na binamu wa mume wangu, akachoshwa na kipigo, akafungasha virago. Tangu siku hiyo mume wangu alipiga marufuku mguu wangu kukanyaga kwake. Ati ataniambukiza tabia. Na mimi, ili nyumba itulie, nikawa naongea naye kwa simu tu.

"Anapasuliwa leo," nilimwambia.

"Ana wauguzi. Wewe kaa hapo ufikiri. Ukiwa tayari kugeuza, niambie, nitawaambia waliwashe."

Akakata. Nikabaki nimeishika simu, na yale madaraja na vivuli vyote vikanijia kimoja kimoja. Jeupe, la kijivu, jeusi. Kote nilikovua viatu alikuwepo. Kila nilipodhani niko peke yangu alikuwa amekaa mezani kwake ananiangalia, huku anakunywa chai. Nilitafuta tusi la kumtukana nikakosa linalotosha. Nikaupiga usukani mpaka kiganja kikavimba, na honi, ambayo hawakuizima, ikalia ikawashtua ndege.

Kisha nikashuka. Nikatoa begi la vifaa kwenye buti, nikafunga milango, nikauweka ufunguo juu ya tairi la mbele, kama kampuni yenyewe inavyoelekeza ukirudisha gari ofisi zikiwa zimefungwa. Nikampigia binti wa kaunta nikamwambia gari lao liko wapi na ufunguo uko wapi. Akaanza kusema kwamba utaratibu hauruhusu. Nikamwambia mimi ni dereva tu.

Magari mawili madogo yalinipita yakipiga honi. Lililosimama lilikuwa boza la maji, linavuja nyuma, na mzee aliyeshika usukani alikuwa na sura ya mtu aliyeamshwa.

"Umebeba mawe?" aliuliza nilipolipandisha begi.

"Vifaa vya eksrei."

"Basi visinielekee mimi."

Boza halikuwa na mkanda wala kioo cha upande wangu, na kwenye mlima lilipanda kwa kusuasua hadi nikatamani kushuka nikalisukume. Niliangalia saa, nikaangalia barabara, nikaanza kulia kwa hasira, kilio cha kelele kisicho na adabu. Mzee aliongeza sauti ya redio ili nilie kwa nafasi.

Hospitalini sikuuliza njia. Vyumba vya upasuaji nimeshavizunguka vya kutosha. Nilimkuta mdogo wangu yuko kwenye korido tayari, juu ya kitanda cha magurudumu, kichwa kimefunikwa kofia ya kijani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Muuguzi alitazama vumbi langu na begi langu akasema nimechelewa. Nikamwambia najua. Nikaushika mkono wa mdogo wangu, na muuguzi, akinung'unika, akapunguza mwendo.

"Amekuruhusu?" mdogo wangu aliuliza.

"Hapana."

Macho yake yalikuwa yameanza kulegea kwa dawa. Akanibana vidole kwa nguvu, na hakuviachia mpaka pale mlangoni muuguzi alipovitenganisha yeye mwenyewe.

Nilikaa kwenye benchi. Watu walipita na ndoo, na mafaili, na watoto wanaolia. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Nilikuwa sijala tangu asubuhi na sikusikia njaa, ila kiganja kilikuwa kinapwita.

Simu ikalia.

"Naona umetulia hapo hapo," alisema mume wangu. Alikuwa ameridhika, nilimsikia akisukuma kiti nyuma anyooshe miguu. "Nilijua tu hutafanya ujinga. Muda wote huo hujasogea hata hatua moja. Sasa, umeshafikiri?"

"Nimeshafikiri."

"Niwaambie waliwashe?"

"Waambie."

Akaniambia nisubiri kidogo. Nikamsikia akipiga simu nyingine, akicheka na rafiki yake, akimshukuru. Akanirudia.

"Haya, tayari. Geuza sasa taratibu, nakuangalia."

Mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguliwa, na miguu ya kitanda cha mdogo wangu ikaanza kutokeza. Niliiweka simu kwenye benchi, bado inaongea, nikainuka.