Herufi Sita, M Mbili

Kamusi alikuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kugusa simu, kama mtu anayefunua kurasa. Msasa akikiona kile kidole kinatoka mdomoni na makombo ya karanga, aligeuza uso. Alikwishakiona kwa miaka, na bado aligeuza uso.

Karakana yao ilitengeneza mabango ya maduka. Herufi zilikatwa kwenye bati, zikakunjwa kingo mpaka zikawa kama visanduku vilivyo wazi mgongoni, zikatiwa taa ndani na kupigwa rangi. Aliyekata na kulehemu ni Msasa, mtu wa makamo, aliyeitwa hivyo kwa sababu ulimi wake ulikwaruza. Aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu na kuzungumza na wateja ni Kamusi, mkwe wa bosi.

Duka likifa, bosi alinunua bango lake kwa bei ya vyuma chakavu, na herufi zikapangwa rafuni. Mteja mpya akija, Kamusi aliiangalia rafu kwanza, ndipo akamwangalia mteja. Simuni alikuwa na kitu cha kutafutia maneno. Unakiambia unataka neno la Kiingereza la herufi tano, lazima liwe na R na V, nacho kinakumwagia maneno kama mchele. Kamusi alichagua moja linalong'aa, akamuuzia mteja kama jina alilozaliwa nalo, kwa bei ya bati jipya. Ndiyo maana mtaani kulikuwa na kinyozi aitwaye River, na fundi baiskeli aitwaye Brave, yaani jasiri, ambaye akiona mbwa anapanda mezani.

Msasa alikwishamwambia bosi kwamba huo ni uchafu. Bosi alimjibu kwamba uchafu huohuo ndio unaomlisha.

Asubuhi hiyo lilikuja bango la bucha la kona, lililofungwa na watu wa afya kwa kuuza nyama iliyooza. SUPREME MEATS, herufi nyekundu, kubwa. Msasa aliigeuza M ya kwanza, akarudi nyuma hatua moja. Mgongoni mafuta ya miaka mingi yalikuwa yameganda, ya njano kama nta ya sikio. Humo walikuwamo nzi waliokauka, na mabuu ambayo hayajakauka. Akatema mate.

"Futa uso tu, braza," Kamusi alisema akitafuna. "Mgongo nani anauona?"

Saa hiyohiyo akaingia mdogo wake Msasa wa kike, kitinda mimba wao, ambaye Msasa aliwahi kumbeba mgongoni. Alikuwa amepika kwenye majiko ya watu mpaka akachoka. Sasa alikuwa amekodi chumba chake mwenyewe cha kuuzia chakula, amekipaka rangi, amenunua sufuria, na kilichobaki ni bango. Alitaka liandikwe Kwa Mama Mwiko. Hilo lilikuwa jina la mtaani la marehemu mama yao, ambaye mwiko aliopikia ndio huohuo aliowachapia.

Kamusi akatupa jicho rafuni. K hakuna, W hakuna. M za bucha ziko mbili. Akalamba kidole, akaiambia simu kile rafu inachotaka.

"Dada yangu, mwiko ni mambo ya jikoni. Mtu wa ofisini haingii jikoni. Ona hili, Summer. Herufi sita, M mbili katikati, limekaa kama sofa."

Dada akauliza maana yake. Kamusi akamweleza kwamba ni majira ya jua, Wazungu wanapovua makoti na kula nje. Dada akacheka, akamgeukia kaka yake kumuuliza anaonaje.

"Mama hakuitwa hivyo," Msasa alisema.

Bosi akatoa kichwa dirishani kwake, akamkumbusha Msasa kwamba kazi yake ni bati. Dada akasimama akiwaza. Mwisho akasema mama mwenyewe angecheka, na watu wa ofisini ndio aliokuwa akiwatafuta. Akakubali, tena kwa tabasamu. Lile tabasamu lilimkera Msasa kuliko mabuu.

Pale karakanani bango halitoki kabla halijawashwa mbele ya mwenyewe, kwa hiyo dada aliahidi kurudi mchana.

Msasa alichukua brashi na sabuni, akaanza kusugua S. Maji yakawa supu. Akaacha. Akisugua, atakuwa amemsaidia Kamusi kumdanganya mdogo wake, na akibakisha kidogo tu kwenye kona za bati, kitaning'inia juu ya sufuria zake. Na akisema, itakuwa maneno yake makali dhidi ya maneno matamu ya Kamusi, na tangu utoto yule binti alipenda utamu. Basi akazipaka herufi rangi nyeupe usoni, safi kama meno ya bandia. Mgongoni hakugusa. Kisha akaacha taa za kisasa, akachomeka globu za zamani, zile zinazounguza vidole.

Mchana dada alirudi na viatu vipya. Bango lilitundikwa ukutani, na Kamusi akajiweka chini yake, pakiti ya karanga mapajani, tayari kusifiwa. Taa zikawaka. Dada akashika mashavu.

Halafu akanusa. Akatazama soli za viatu vyake, moja baada ya nyingine. Globu ziliendelea kupata moto, na harufu ikashuka ukutani kama mtu anayeteremka ngazi, harufu ya nyama iliyosahauliwa na wenyewe. Tone la njano likavimba kwenye mguu wa M, likaning'inia, likaangukia ndani ya pakiti.

Msasa akapanda ngazi, akaifungua ile M, akaigeuza.

"Bucha la kona," alisema. "Zote sita."

Bosi akatoka akieleza mambo ya rangi mbichi. Hakuna aliyemsikiliza. Dada alikuwa ameziba pua kwa kitambaa cha kichwa, akimtazama kaka yake.

"Ulijua tangu lini?"

"Asubuhi."

"Ukaniacha nije nivute uozo."

"Mimi ungenibishia. Pua yako huibishii."

"Una roho mbaya, kaka."

"Ninayo."

Dada akamgeukia bosi. Bila kupaza sauti akamwambia kwamba anataka bati jipya, jina la mama yake, likatwe mbele ya macho yake. La sivyo anakwenda kwa River na kwa Brave kuwaomba wafungue herufi zao, watazame mgongoni.

Bosi akaamuru bati lishushwe. Kisha akamwambia Msasa kwamba hilo ni bango lake la mwisho pale. Msasa alikuwa amekwishapiga magoti, anachora K kwa chaki. Dada akavuta kibao, akaketi karibu naye, pua bado imezibwa.

Nyuma yao pakiti ilichakacha. Kamusi alikuwa anachambua karanga. Alitupa mbili, akainusa ya tatu, akaitia mdomoni.