Zamu za Bi Asmahani

Badru alikuwa na wake wawili, Bi Asmahani wa Kasulu na Asia wa Kibondo, na mdomo mmoja usio na breki. Siku moja kwenye kahawa, huko Kibondo, aliwaambia wanaume wenzake kwamba bi mkubwa akilala anakoroma mpaka mbuzi wa kule mbali Mabamba wanakata kamba. Watu wakacheka. Asia naye aliposikia akacheka, tena akatia chumvi. Maneno hayakuchelewa kufika Kasulu: Vestina, muuza maharage wa Nyakitonto, aliyamwaga dukani kwa Bi Asmahani mbele ya wateja hata kabla hajamaliza kusema "mwakeye", salamu ya Kiha.

Bi Asmahani alikuwa mnene, hilo hakulificha. Mlango wa duka aliupita ubavu. Lakini kuaibishwa na mwanamume uliyemfundisha wewe mwenyewe kupima kanga! Aliumia hasa. Akaapa kwamba Badru atalipa, tena mbele za watu.

Tatizo ni kwamba alikuwa anakoroma kweli. Usingizini pumzi ilimkatika, akashtuka akihema. Kaka yake anayeishi Maskati, Omani, alishampatia daktari huko wa kulipunguza tumbo kwa upasuaji, ila daktari alikataa kumgusa: azoee kwanza kulala na mashine ya kumpulizia hewa puani, asije akapewa dawa ya usingizi akalala moja kwa moja. Mashine ikaletwa, ikaungwa kwenye betri ya lori iliyochajiwa mchana kwa jenereta ya duka.

Yakaanza mateso. Barakoa ya plastiki ilimbana, hewa ikamsukuma kooni, akajiona anazama. Akavua, akavaa, akavua. Mikanda ikamchubua mashavu. Alikaribia kuitupa chooni, halafu akamfikiria Asia anavyocheka, akaivaa tena.

"Sifi mimi nikawaachia duka," alisema.

Akabuni njia yake. Mchana alikaa uani ameivaa barakoa akichambua maharage ya Vestina, mpaka pua ikaacha ubishi. Hata usiku akaanza kulala, kimya kabisa, na asubuhi kichwa kikawa chepesi.

Zamu ya Kasulu ilipofika, Badru alikuja akijikokota, ana pamba masikioni. Alijitupa kitandani bila hata kuuliza ile mashine ni ya nini. Bi Asmahani akavaa barakoa, akafumba macho, akasikia. Kumbe! Miaka yote yeye ndiye aliyetangulia kulala, angejuaje? Mumewe alikoroma kama mashine ya kusaga mahindi. Alicheka mpaka hewa ikavuja. Kisha kicheko kikamwishia, maana Asia lazima alijua. Alijua, akanyamaza, akamtwika mwenzake aibu yote.

Asubuhi alimwita Sheikh Abdulrahmani, na mbele yake na Badru akatamka kwamba mpaka atakaporudi kutoka Maskati, zamu zake zote anampa Asia kwa moyo mkunjufu. Sheria inaruhusu; zamu ni haki ya mke. Sheikh akamsifu kwa subira yake. Badru akarudi Kibondo anapiga mluzi.

Haukupita muda mrefu Asia akaja Kasulu, macho mekundu, mashavu yamebonyea. Duka limejaa wateja.

"Shikamoo dada. Naomba tukaongee ndani."

"Marahaba. Ndani kuna joto. Sema hapa hapa."

"Chukua zamu zako, dada. Mwenzio silali."

"Kwani kitu gani kinakunyima usingizi?"

Asia akatazama chini. Zamani nusu ya siku zake alipumzika, Badru akiwa Kasulu. Sasa hakuwa na hata moja. Vestina aliacha kupima maharage.

"Mume wetu," alisema Asia. "Anakoroma."

"Paza sauti, mdogo wangu. Vestina sikio lake zito kidogo."

Asia akarudia kwa sauti, machozi yanamtiririka, na duka zima likasikia ni nani hasa mkoromaji wa familia. Bi Asmahani akamkaribisha chai, akamtandikia kitanda, akamwambia alale mpaka achoke. Zamu hakuzipokea, safari ya Maskati ilikuwa imeshaiva.

Vestina naye akafunga gunia lake mapema. Ghafla alikuwa na safari ya Kibondo.