Shubiri Moja Juu ya Uwanja wa Thornrigg

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Machi, saa tatu asubuhi, Lanty Fearon alikoroga chokaa kwenye ndoo, akaichuja kwa soksi kuukuu ya mkewe ili madonge yasizibe mdomo wa mashine, akaanza kuchora mstari wa pembeni upande wa barabara. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake, na uwanja wa Thornrigg ulikuwa tope tupu kutoka goli hadi goli. Viatu vya Lanty vilikuwa safi. Havikuwahi kuchafuka pale kwa miaka thelathini na saba, kwa sababu miguu yake haikuwa ikigusa ardhi ya uwanja. Ilikomea shubiri moja juu ya majani, na hapo ndipo alipotembea. Klabu iliona faida yake. Watunza uwanja wengine huikanyaga chokaa kabla haijakauka, lakini mistari ya Thornrigg ilisifiwa pwani yote ya Kumbria kwa kunyooka.

Mambo yalianza mwaka 1961. Lanty alikuwa na miaka ishirini na moja, mchimbaji wa mgodi wa chuma, na winga ambaye hakuna aliyempata akishachomoka. Jumamosi moja uwanja uliganda kwa baridi, mechi ikaahirishwa, naye akapanda basi kwenda mji wa kusini kujaribiwa na timu ya watu kumi na tatu. Huko kusini raga ilichezwa na watu kumi na tatu, nao walilipwa. Huku kwetu ilichezwa na watu kumi na tano, na kulipwa ilikuwa haramu. Kwenye karatasi ya majina waliandika "Fulani" ili asijulikane. Walimpa nauli na pai moja ya nyama, wakamwambia ni mwepesi mno kwa mchezo wao, akarudi nyumbani.

Siku kumi na mbili baadaye barua ilifika. Ilisema kwamba Bwana Fearon, kwa kula pai ile, amefungiwa maisha: hatacheza tena, wala hatatia mguu katika uwanja wowote wa chama cha raga. Ni wazi kwamba mtu alikuwa amepeleka habari, lakini barua haikumtaja.

Jumamosi iliyofuata Lanty alikwenda kuwaona wenzake wakicheza. Alipovuka geti, mguu wake haukushuka mpaka chini. Akaleta wa pili, nao ukabaki palepale.

"Kumbe barua imeanza kazi," alisema mwenyekiti wa wakati ule, akaendelea kushindilia tumbaku kwenye kiko chake.

Kwa kuwa barua haikukataza kazi, Lanty akaomba kazi. Kamati ilikaa, ikamkubalia bila malipo. Reki yake ilikwaruza udongo kama reki ya mtu yeyote, na sepetu yake ilizama vizuri. Lakini mpira ulikuwa mchezo. Mpira ukimwangukia mikononi naye akataka kuuweka chini, uligoma pamoja naye, ukaning'inia hewani mpaka mtu mwingine aje kuuchukua. Alioa mwaka uliofuata. Alimwoa Edna Mossop, dada yake Norman, rafiki yake wa utotoni. Jezi ya winga aliachiwa Norman.

Mwaka 1987 wakubwa wa raga walizipanga klabu zote za nchi kwenye ligi, ngazi juu ya ngazi kama rafu za duka. Kabla ya hapo klabu zilialikana kwa barua, zikacheza, zikala, zikasahau matokeo. Thornrigg iliwekwa rafu ya chini kabisa ya Kaskazini Magharibi, pamoja na timu nyingine kumi na moja. Lanty aliubandika msimamo kwenye ukuta wa kibanda chake, akawa anaurekebisha kwa penseli kila Jumatatu. Mwaka 1991 timu ilipanda ngazi moja, mwaka uliofuata ikashuka, na hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote iliyowahi kuifanya. Timu ya kiwanda cha viatu ilikufa pamoja na kiwanda. Timu ya Seaborough ilikosa watu wa kusukumana kwenye skramu, vijana wote wenye mabega wakiwa wamekwenda kwenye visima vya mafuta baharini. Kufikia mwaka huu wa 1998 zilibaki timu nane, na ikaja barua kwamba msimu ujao zitakuwa saba. Ya mwisho ingeondolewa. Chini yake hapakuwa na ngazi nyingine ya kushukia.

Thornrigg ilikuwa ya mwisho. Iliyoitangulia ni Ullbeck, na Ullbeck ndio waliokuwa wakija leo.

Lanty alikuwa anamalizia mstari wa goli alipomwona Gavin Tinnion, kapteni wa timu, fundi bomba, akivuka tope kwa hatua ndefu.

"Mzee Lanty, saa tisa utakuwa unafanya nini?"

"Nitafanya nini? Nitasimama na ndoo yangu kama siku zote."

"Dave kavunjika kidole. Na yule wa benki amekwenda harusini, mpumbavu yule, eti hakujua. Tuko kumi na wanne, na tukiwa pungufu mechi haihesabiki."

"Gavin, nina miaka hamsini na nane."

"Sikukuuliza umri, mzee. Nimekuuliza saa tisa utakuwa unafanya nini."

Lanty aliifuta mikono kwenye suruali. "Nimefungiwa mimi."

"Si walishaifuta sheria hiyo tangu tisini na tano? Sasa hivi watu wanalipwa waziwazi, wananunuliwa magari!"

Ilikuwa kweli. Kulipwa kulikuwa halali sasa, na waliofungiwa wangeweza kufunguliwa, mradi katibu wa klabu ajaze fomu. Katibu alikuwa Norman Mossop. Kwa miaka mitatu Lanty alimwuliza kila baada ya muda, na kila mara Norman alimjibu, "Ipo kwenye droo, shemeji. Kuna kipengele kimoja tu nakisubiri." Kisha walikuwa wakikaa mezani kwa Edna, maana Norman hakuoa, na kila Jumapili alikula kwao nyama ya kuoka na viazi.

Gavin alimpigia kelele Norman, aliyekuwa akipanga viti mbele ya jengo la klabu. "Katibu! Lanty acheze, asicheze?"

Norman alikitazama kiti alichoshika. "Acheze," alisema. "Acheze tu."

Edna alikuwa jikoni mwa klabu akipaka siagi mikate alipoambiwa. Hakuacha kupaka. "Na goti lako je?"

"Goti litanifanya nini? Huko niliko hakuna tope la kulivuta."

"Haya. Usije ukalala chali kama kobe nikakuokota mimi."

Refa alitoka Carlisle, mtu mwembamba mwenye miwani. Alimtazama Lanty akiwa amesimama hewani na jezi namba kumi na nne, akafungua kijitabu chake cha sheria, akapekua, akakifunga. "Hakuna inayokataza," alisema, akapuliza filimbi.

Watu wa Ullbeck walimchokoza tangu mwanzo. "Babu, uji umeuacha jikoni unaungua!" "Shuka basi tukupige kiume!" Lakini kumwangusha ilikuwa kazi, kwani waliozoea kushika miguu kwenye matope walikuta haipo pale walipoitegemea. Mara mbili waliwahi kumbana, akaanguka, akalala hewani shubiri moja kutoka chini huku watu wanane wakirundikana juu yake. Aliinuka akiwa na damu puani na jezi nyeupe pe. Moyo ulimdunda mpaka masikioni. Alikuwa amesahau jinsi jasho la watu wengi linavyonuka, na jinsi mtu anavyoitwa jina lake kwa sauti kubwa na watu wanaomhitaji.

Zilipobaki dakika mbili Ullbeck walikuwa mbele, kumi na tano kwa kumi na mbili. Trai moja, yaani mpira kugusishwa ardhini nyuma ya mstari wa goli, ingetosha. Gavin akauokota mpira katikati ya vurugu, akamrushia mtu, yule akaurusha pembeni bila kutazama, na mpira ukamfika Lanty kifuani. Mbele yake hapakuwa na mtu.

Alikimbia. Hakuwa na kasi ya zamani, ila wengine wote walikuwa wanazama mpaka vifundoni na yeye hakuzama. Mtu wa mwisho wa Ullbeck alijitupa, akapita chini ya viatu vyake. Lanty akavuka mstari alioupaka chokaa asubuhi, peke yake, akasikia watu arobaini wa Thornrigg wakipiga yowe. Sasa kilichobaki ni kuugusisha mpira ardhini, jambo ambalo mtoto wa chekechea analiweza.

Akainama, akaushusha kwa mikono miwili. Mpira ukakoma shubiri moja juu ya majani.

Akaukandamiza. Akapiga magoti, akaulalia kwa kifua, kwa uzito wake wote. Kati ya mpira na ardhi paliendelea kuonekana mwanga. Refa alikuja, akajilaza ubavu kwenye tope, akachungulia chini ya mpira kutoka upande huu, akazunguka akachungulia kutoka upande ule.

"Mzee wangu," alisema kwa upole, "haujagusa."

"Nipe dakika moja."

"Nimekupa mbili."

Watu wa Ullbeck walikuwa wameshafika, lakini hakuna aliyemchokoza tena. Mmoja wao aliinama, akauchukua mpira mikononi mwa Lanty taratibu, kama mtu anavyopokea mtoto aliyelala, akaupiga nje ya uwanja. Filimbi ikalia. Thornrigg ilikuwa imetoka kwenye ligi.

Gavin alimshika bega, akasema si neno, mzee, umetufikisha mbali. Wengine walikwenda kuoga. Lanty alikwenda kibandani kuosha mashine ya chokaa, kwa kuwa chokaa ikikauka ndani mashine inaharibika. Hapo ndipo Norman alipomfuata. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Fomu ina kipengele," alisema. "Kinauliza ni nani aliyepeleka mashtaka."

Lanty aliendelea kumimina maji.

"Kila nikiitoa droani nafika hapo nasimama. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, Lanty. Nilikuwa mchezaji wa akiba kila Jumamosi. Nilidhani watakufungia mwezi mmoja. Basi, mwezi mmoja nivae ile jezi."

Maji yaliyotoka kwenye mashine yalikuwa meupe, kisha yakaanza kutoka meupe kidogo, kisha safi.

"Pai yenyewe haikuiva vizuri katikati," Lanty alisema mwishowe. "Nilikusimulia wewe peke yako."

"Najua."

"Nenda kamwambie dada yako. Mimi siwezi kumwambia."

Norman alikwenda, akamwambia Edna palepale jikoni kwenye masinia ya sandwichi. Edna alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunika masinia kwa kitambaa, akavaa koti, akaondoka bila kuosha vikombe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Jumapili iliyofuata meza iliandaliwa sahani mbili. Norman alikuja saa yake ileile, akasimama nje kwenye manyunyu, akarudi kwake. Jumapili ya tatu alikuja na fomu imejazwa yote, pamoja na kile kipengele, kwa mwandiko wake mzuri wa ukatibu. Edna aliipokea kupitia mlango ulioachwa wazi nusu. Aliisoma mara mbili, akalamba bahasha, akaipeleka posta mwenyewe.

Jibu lilikuja mwezi wa Mei. Edna alilisoma kwa sauti huku Lanty akinywa chai. Makao makuu yalimshukuru Bwana Fearon kwa kuwaandikia. Walikuwa wamepekua kumbukumbu zao zote za mwaka 1961 na hawakuona popote kwamba aliwahi kufungiwa. Kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kufuta, na faili lake limefungwa. Walimtakia furaha katika mchezo.

"Soma tena," Lanty alisema.

Edna akasoma tena. Barua ya kwanza, ile ya zamani, iliondoka na mafuriko ya mwaka sabini na saba pamoja na zulia na picha za harusi. Lanty alimaliza chai yake, akasuuza kikombe, akaenda uwanjani kuona. Alivuka geti, akainua mguu. Ulikomea palepale.

Thornrigg sasa hucheza na yeyote atakayekubali mwaliko, kama zamani, wakitimia. Kwenye jengo la klabu ubao wa majina ya makapteni wa zamani haujaguswa, N. Mossop, 1962 hadi 1965, kwa rangi ya dhahabu. Norman bado ni katibu, maana hakuna mwingine anayeitaka kazi hiyo. Amezoea kula peke yake.

Jioni moja ya mwezi wa Juni, jua likiwa bado juu, Edna alimpelekea mumewe chai uwanjani. Alimkuta akikata majani kwa mashine. Akaweka chupa chini, akakaa kwenye benchi, akavua viatu, akavua na soksi, akaingia uwanjani pekupeku.

Lanty alimtazama miguu. "Majani yakoje?" aliuliza. Kwa miaka thelathini na saba hakuwahi kumwuliza mtu swali hilo.

"Yana baridi."

"Baridi tu?"

Edna akafikiri. "Yanachoma choma hapa ulipokata leo. Kule hujakata ni laini. Udongo unaingia katikati ya vidole."

Lanty alizima mashine ili asikie vizuri. "Twende hadi golini," alisema.

Walikwenda polepole, yeye akiwa mrefu kuliko mkewe kwa shubiri moja zaidi, Edna akimweleza hatua kwa hatua, hapa pamelowa, hapa kuna kokoto, hapa pana mteremko ambao ukiwa mbali hauuoni. Walipovuka mstari wa goli Edna alikunja sketi, akapiga magoti, akatandaza viganja vyote viwili juu ya ardhi.

"Hapa pana joto, Lanty," alisema. "Jua limepiga hapa siku nzima."