Mkono wa Baba

Miaka tisa Ouida na dada yake Nelda hawakusemezana, na ugomvi wenyewe haukuwa wa shamba wala nyumba. Ulikuwa juu ya mkono wa marehemu baba yao. Ouida alishikilia kwamba baba, aliposimama kuongoza ule wimbo wake alioupenda, aliushusha na kuupandisha mkono polepole. Nelda alisema si kweli, baba aliukimbiza. Walibishana hayo makaburini, mbele ya watu, na tangu siku hiyo kila mmoja akashika njia yake.

Sasa ilikuwa Jumapili ya Mei, siku ya kuwaimbia marehemu katika kanisa la mbao la Shady Fork, huko Alabama. Mabenchi yalipangwa pande nne yakitazamana, waimbaji wa sauti kuu, tenor, wakielekeana na wa sauti ya kati, alto, na katikati pakaachwa nafasi ya mtu mmoja, kiongozi. Hakuna kinanda wala watazamaji, kila aliyekuja huimba. Ouida alikuwa amepewa kuongoza wimbo mmoja baada ya chakula, na moyoni alishaamua. Vijana wa siku hizi, waliokuja kwa magari kutoka mjini, walizikimbiza nyimbo kama watu wanaofukuzwa na nyigu. Yeye ana miaka sabini na tisa. Wimbo wa baba ungekwenda mwendo wa baba, walau mara moja, kabla wanaoukumbuka hawajaisha.

Aliukumbuka vizuri mno. Baba alimfundisha kwenye meza ya jikoni, amemshika kifundo cha mkono: chini, juu, chini, juu, huku wakitamka majina ya noti, fa, sol, la. Ouida akiharakisha, baba alimbana kidogo tu, bila neno. Mkono ule ulinuka tumbaku na sabuni ya kufulia. Mpaka leo aliutamani, na hakuona aibu kusema hivyo. Alikumbuka pia jinsi watu walivyomcheka baba kanisani, kwa sababu kiongozi huwatazama tenor, ndio wanaobeba wimbo, lakini yeye akifika kwenye wimbo ule aliwapa mgongo akawageukia alto. Walisema mzee amesahau benchi lake.

Wakati wa chakula, kwenye meza ndefu chini ya miti, Ouida alikuwa akijipakulia kuku na mkate wa mahindi alipoona mkono wenye mishipa ukisogeza bakuli la maharagwe upande wake. Alikuwa Nelda. Alikuwa amekonda, na alipumzika kidogo kabla ya kusema.

"Leo utauburuta tena ule wimbo?"

"Nitauimba alivyouimba baba, dada."

"Baba hakuwa mzito, Ouida. Alikuwa anamsubiri mama."

Ouida akaweka sahani chini.

Nelda alieleza kwa kukatakata. Kabla Ouida hajazaliwa, wimbo ule ulikwenda mbio, na mama aliuimba kwenye benchi la alto akicheka. Kisha mama akaenda kufanya kazi kiwanda cha pamba, na vumbi likaingia kifuani. Akawa hawezi kumaliza mstari. Baba akageuka, akawa anayatazama mabega yake. Yakiinuka, amevuta pumzi, ndipo anashusha mkono.

"Wewe ulikaa na tenor, ukaona mkono," Nelda alisema. "Mimi nilikaa ubavuni kwa mama. Nilisikia kifua."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Mama aliniapisha. Hakutaka watu wajue kanisa zima linamngoja yeye. Na wewe ulinikasirisha."

Ouida alirudi ndani amevunjika. Mwendo alioulinda maisha yake yote haukuwa hata wa wimbo. Basi, alijisemea, na uende mbio, umpe Nelda haki yake. Jina lake lilipoitwa alisimama katikati, akawatazama tenor, Coy Brasher, mtoa sauti wa siku hiyo, akawapa noti ya kuanzia, na mkono ukashuka kwa kasi. Kwanza waliimba majina ya noti, kama ilivyo desturi, na vijana wakafurahi, sakafu ikanguruma kwa visigino.

Walipoanza maneno, akasikia nyuma yake alto wamepungukiwa. Sauti moja ilikuwa inakatika katikati ya mstari, inaingia, inakatika tena. Aliijua tangu utotoni. Hapo akaelewa kwa nini dada yake alipumzika kabla ya kusema, na akaogopa.

Akageuka, akawapa tenor mgongo.

Nelda alikuwa benchi la mbele, kitabu kimemlalia magotini, mdomo wazi. Ouida aliacha kuwaza alichofanya baba. Aliyatazama mabega yale mawili membamba. Yalipoinuka, akashusha mkono. Tenor wa mbele, ambao kazi yao ni kuufuata mkono wa kiongozi, wakapunguza, na nyuma yao wote wakapunguza, hata wale vijana. Katika ubeti wa pili Nelda aliimaliza mistari yote, macho yamemlowa.

Wimbo ulipokwisha, Ouida alipita mbele yake akirudi kukaa. Nelda akamshika kifundo cha mkono.

"Umeuburuta," alisema.

"Nilikuwa nakusubiri, dada."

Nelda akasogea kidogo kwenye benchi. Ouida, tenor tangu azaliwe, akakaa hapo na alto mpaka jioni, akikosea noti zao.