Nguruwe wa Karamu Katika Faili Thelathini na Moja

Naandika haya kwa unyenyekevu wote nilio nao, ambao si mwingi.

Kompyuta ya shule yetu hapa kisiwani Tongatapu ina faili thelathini na moja za amri, kila moja na kazi yake: hii hupiga kengele, ile hutangaza sala kwenye kipaza sauti, nyingine hutuma barua. Zote aliziandika fundi wetu, Feleti, na karibu zote zina jina la mwalimu mkuu, Taufahema, maana hapa hakifanyiki kitu bila yeye kutajwa. Feleti alinifundisha kazi hiyo. Alinisisitizia kwamba ukitaka kubadilisha neno, weka nakala, libadilishe katika faili moja, usome, ndipo uziguse nyingine.

Ijumaa ile, Feleti alipokwenda mjini kununua betri, niliandika amri ya mstari mmoja. Popote palipo Taufahema, katika faili zote, pawe Nguruwe wa Karamu. Sikuweka nakala. Nilijiona mtu mzito.

Saa nane mchana kipaza sauti kilitangaza, kwa sauti yake ya bati, kwamba Nguruwe wa Karamu anawataka wavulana wote wavae mashati safi. Bweni zima lilivunjika mbavu. Mosese Havea, ambaye kitanda chake kimepakana na changu, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa na furaha tayari: saa kumi kompyuta ingetuma maombi yake Auckland, chuo cha uhandisi wa meli, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Yangu, ya chuo kingine, mjomba alishayapeleka kwa mkono.

Barua ya maombi ya Mosese ilikuwa kwenye folda yenye jina la mwalimu mkuu, kwa kuwa ndiye aliyeitia sahihi. Saa kumi faili ya kutuma barua ikaenda kutafuta folda ya Nguruwe wa Karamu. Haikuipata, maana folda yenyewe ilibaki na jina la Taufahema. Feleti alikuwa ameiandika inyamaze isipokuta barua, kwa sababu siku nyingi hazipo. Ikanyamaza, ikaandika kwamba kazi imekwisha.

Feleti aligundua Jumatatu kwamba barua haikwenda. Nikakiri kabla hajauliza. Mwalimu mkuu alipiga simu Auckland mbele yetu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya mtu anayeomba. Wakamwambia wameshafunga. Mimi nilipewa mwezi mzima wa kusafisha banda la nguruwe, adhabu ambayo wiki iliyotangulia ningeisimulia kwa fahari.

Nilimkuta Mosese anafua.

“Ulijua na ile ya barua imo?” akauliza.

“Nilijua ziko thelathini na moja. Sikuzisoma.”

Akasuuza shati, akalikamua. “Na ile sauti ilichekesha kweli, bwana. Hicho ndicho kinachoniuma.”

Nilimwomba radhi. Akasema amesikia.

Majibu yangu yalikuja wiki tatu baadaye. Nimekubaliwa. Wenzetu walinibeba juu juu kuzunguka uwanja, na waliponiteremsha Mosese alinipa mkono, akauliza huko chuoni wanalala wangapi chumba kimoja.

“Sijui,” nikasema.

“Utajua,” akasema, akauachia mkono wangu.